Mume Aliyehamia Kambini

Fomu ya Arlette ilirudishwa mara ya kwanza kwa kosa la kumpenda mume kwa mbali. Ofisi ya uhamiaji haikulisema hivyo. Iliandika tu, kwa kalamu nyekundu, kando ya swali la kumi na nne: "Hakuna uthibitisho kwamba wanandoa wanaishi chini ya paa moja."

Arlette aliyasoma maneno hayo mara tatu akiwa amesimama nje, City Centre, Lilongwe, watu wakimpita kwenda benki. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Kwao Bukavu alifundisha hesabu miaka sita, na mwalimu wa hesabu haogopi swali gumu. Huogopa swali lisilo na jibu. Yeye alikuwa mkimbizi, na mkimbizi alitakiwa akae kambini, Dzaleka. Mumewe, Limbani, alikuwa raia wa Malawi, fundi wa friji, akikaa Mtandire, pembeni mwa jiji. Walikuwa na ndoa ya miaka miwili, yenye pete, cheti cha ofisi ya wilaya, Dowa Boma, na picha ya mchungaji aliyefumba macho. Ndiyo maana Arlette alikuwa na haki ya kuomba ukaaji wa kudumu. Lakini kanuni moja ilimkataza kulala Mtandire, na sasa fomu ilikuwa inamuuliza mbona halali Mtandire.

Limbani alimkuta palepale, mikono ikinuka gesi ya friji.

"Banasema hatuikali pamoja," Arlette alimwambia.

Limbani alijifunza Kiswahili kwa mkewe, kwa hiyo alikisema kama mtu wa Bukavu aliyekula nsima, ugali wa Malawi, tangu utoto. Alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa kukitazama kitu kilichoharibika kwa muda mrefu, kisha kukigonga mahali pamoja tu.

"Wewe hawakuruhusu kutoka," akasema. "Je, kuna mahali wamesema mimi nisiingie?"

Arlette akafikiri. Hapakuwa na mahali.

Jumamosi iliyofuata Limbani aliingia Dzaleka na godoro lake juu ya kabaza, baiskeli ya kukodi, mwendesha baiskeli akisukuma kwa mguu kwa sababu godoro lilikuwa limechukua nafasi ya abiria na ya adabu. Limbani alifuata nyuma amebeba sanduku la vyuma na sufuria mbili. Watu walitoka nje kutazama. Katika kambi ile kila mtu alikuwa na ndoto ya kuondoka: huyu anangoja Kanada, yule anangoja Australia, mwingine anangoja tu. Mtu wa kuja kwa hiari yake, na godoro, walikuwa hawajawahi kumwona.

"Bantu banatafuta njia ya kutoka, huyu anatafuta mulango ya kuingia!" alisema Antoinette, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Mama Arlette, bwana yako alikimbia vita gani?"

"Vita ya fomu," Arlette akajibu, akashika upande mmoja wa godoro.

Wiki ya kwanza walimdhania mpelelezi. Wiki ya pili alitengeneza jokofu la muuza soda, na wiki ya tatu wakamweka kwenye kwaya, sauti ya nne, ambako hakuelewa nusu ya maneno lakini aliyaimba kwa imani kamili. Jambo lililokawia lilikuwa barua. Kiongozi wa bloku, mtaa wao wa kambi, alikuwa tayari kuandika kwamba Limbani anaishi pale na mkewe, ila daftari lake lilikuwa na safu za uraia zilizochorwa zamani: Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, Mwethiopia, Nyingine. Alizitazama jioni nzima, akaenda kuuliza, akarudi, akauliza tena. Mwishowe, katika nchi ya Malawi, wilaya ya Dowa, Mmalawi akaandikwa "Nyingine".

Barua ilipokubaliwa, ofisi ikawaita kwenye usaili. Hapo ndipo watu walipomwambia Arlette asiende kichwakichwa. Aende kwanza kwa Dany.

Dany alikuwa mtu wa Uvira, mwenye miaka kumi na saba kambini na koti moja la suti. Juu ya mlango wake alikuwa amepigilia ubao: CABINET CONSEIL, yaani ofisi ya ushauri. Maombi yake mwenyewe yalikuwa yamekataliwa na nchi nne, na badala ya kumharibia jina, hilo ndilo lililompa wateja. Walisema daktari mzuri ni yule aliyeugua kila ugonjwa. Malipo yake kwa Arlette, ambaye kambini alikuwa fundi cherehani, yalikuwa kola mpya ya shati.

"Swali ya kwanza," Dany alisema, akivaa miwani isiyo na kioo upande wa kushoto. "Mulikutana wapi?"

Arlette akatazama chini. Limbani akaanza kucheka.

"Ile hatuisemi," Arlette akasema haraka.

"Njo maana! Ukweli ya bantu haina mupango. Ofisi inataka istwari yenye kichwa na mukia." Dany akafungua daftari. "Sikia. Mulikutana Dowa, kwa mukutano ya injili. Mvua ikanyesha. We, Limbani, ulikuwa na mwavuli ya bluu. Ukamwambia: dada, karibia, mwavuli iko ya babili. Toka ile siku hamuyaachana."

"Lakini mimi sina mwavuli," alisema Limbani.

"Sasa uko nayo."

Arlette hakuipenda hadithi ile, lakini aliipokea kwa sababu ilikuwa safi, na ukweli wao haukuwa safi. Nyumbani akageuka tena mwalimu. Alimhoji Limbani akiwa amelala chini ya jokofu la mtu, bisibisi mdomoni. Mwavuli rangi gani? Mhubiri alivaa nini? Ulisema nini kwanza? Limbani alipata maksi nane kwa kumi. Alikuwa anasahau mhubiri.

Siku ya usaili Arlette alikuwa na kibali cha kutoka kambini cha siku mbili, akakikunja ndani ya Biblia. Walipanda minibasi asubuhi, Limbani katika suti ya harusi, Arlette katika kitenge alichokishona mwenyewe usiku wa kuamkia. Ofisini walipokelewa na afisa aliyeitwa Bi Gertrude, mama wa makamo mwenye mihuri mitano mezani na sahani ya karanga za kuchemsha. Aliongea Kichewa taratibu, na Arlette, baada ya miaka tisa Malawi, alikifuata vizuri.

"Bwana angoje nje," alisema Bi Gertrude, akamwita Arlette "mayi", yaani mama. "Mayi, kaa. Mlikutanaje?"

Arlette alisimulia. Alimweka mhubiri mahali pake, akaleta mvua, akafungua mwavuli. Alisimulia vizuri, hata sauti aliishusha pale pa "mwavuli ni wa watu wawili".

Bi Gertrude akavua miwani.

"Wa rangi gani?"

"Bluu, madamu."

"Bluu." Bi Gertrude akamenya karanga. "Mayi, mwavuli huo mwezi huu peke yake umeozesha wanawake watano. Mmoja wao alikuwa chini yake tarehe ambayo mimi mwenyewe nilikuwa Dowa, namzika shangazi yangu, na jua lilitukausha mpaka jeneza likapasuka rangi."

Arlette aliwahi, Bukavu, kukamata wanafunzi watano waliokosea hesabu moja kwa namna moja. Aliwasimamisha mbele ya darasa. Sasa alikumbuka jinsi yule wa mwisho, msichana mrefu, alivyokuwa anatazama viatu vyake, naye akajikuta anatazama vyake.

"Hapa nina visanduku viwili," alisema Bi Gertrude, wala hakusema kwa ukali. "Ndoa ya kweli, na ndoa ya karatasi. Nitie alama wapi?"

Arlette akainua macho, akasema, "Alipasukiwa suruali."

"Nani?"

"Bwana yangu. Njo vile tulikutana."

Ikamtoka yote, Kichewa kikichanganyika na Kiswahili. Limbani alikuja kambini kutengeneza friji ya muuza samaki. Aliinama, na suruali ikaachia kutoka mkanda mpaka karibu na goti. Akavuka soko zima kinyumenyume, sanduku la vyuma limeziba nyuma, mpaka kwenye cherehani ya kwanza aliyoiona. Arlette alimficha nyuma ya pazia, akampa kitenge chake ajifunge, na mkanda wa cherehani ukakatika. Saa mbili nzima mwanaume yule alikaa nyuma ya pazia amejifunga kitenge chenye maua ya njano, akimweleza mtu asiyemwona jinsi gesi inavyozunguka ndani ya friji.

"Nilimwambia anyamaze," Arlette alisema. "Hajanyamaza mpaka leo."

Bi Gertrude hakucheka. Alifunika mdomo kwa faili muda mrefu kidogo, akapiga kengele. Limbani akaingia, akakaa, akakunja mikono, akaanza kabla hajaulizwa:

"Siku hiyo kulikuwa na mvua kubwa, na mhubiri alivaa..."

"Acha mwavuli!" Arlette akamkata kwa Kiswahili. "Nimesema suruali."

Limbani aligeuka polepole. "Umemwambia suruali?"

"Yote."

"Na kitenge?"

"Na kitenge."

"Arlette! Huyu ni mama mkubwa, ana umri wa mama yangu!" Akamgeukia afisa kwa Kichewa. "Madamu, ilipasuka kidogo tu."

"Kidogo!" Arlette alisimama. "Nilishona urefu ya mukono muzima! Uzi ya cherehani iliisha!"

"Nawe ulicheka."

"Sikucheka."

"Ulicheka. Niliona pazia linatikisika."

"Ni upepo."

"Upepo gani wa kukohoa?"

Wakaendelea. Walipita kwenye suruali wakafika kwenye sufuria mbili alizokuja nazo, moja ikiwa haina mfuniko na mwenyewe akikataa kukiri. Wakafika kwenye kwaya, na kwenye foufou, ugali wa muhogo wa kwao Arlette, ambayo Limbani aliimeza kwa miezi kadhaa akisema tamu sana, kumbe akienda kwa Antoinette kuomba nsima. Hili la mwisho Arlette alikuwa hajalijua. Akakaa, akamgeuzia mgongo, na mgongo ule ulimtia Limbani hofu kuliko kelele zote.

Bi Gertrude alikuwa anaandika. Alitia alama kwenye kisanduku kimoja, akakikazia. Ndipo akafika kwenye barua ya kiongozi wa bloku.

"Wewe ni raia wa wapi?" akamuuliza Limbani.

"Kwetu ni Ntcheu, madamu."

"Hapa umeandikwa Nyingine."

"Ndiyo, madamu. Walitafuta, hawakuniona."

Bi Gertrude akafungua kitabu kinene cha kanuni, akakipekua mbele na nyuma kutafuta kama Mmalawi anaruhusiwa kuishi na mkewe katika kambi ya wakimbizi. Hapakuwa na ruhusa wala katazo. Alionekana kuudhika, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Akakifunga kitabu, akapiga mihuri mitatu kati ya mitano, akawaambia wangoje simu.

Kwenye minibasi ya kurudi Limbani alinunua mahindi ya kuchoma mawili, akampa Arlette lililoiva vizuri. Arlette alilila lote kabla ya kusema, "Kwa Antoinette. Mara ngapi?"

"Jumanne," Limbani alisema. "Na Alhamisi."

Habari za mwavuli zilifika kambini kabla yao. Dany hakukasirika, mtaalamu hukubali kusahihishwa. Alikata ukurasa mmoja, akaandika mwingine, na mwezi uliofuata wanaume wa Dzaleka waliooa nje wakaanza kupasukiwa suruali, mmoja baada ya mwingine, mbele ya cherehani.

Simu ilikuja baada ya miezi mitano. Ukaaji wa kudumu umekubaliwa. Arlette akaifuata karatasi ofisini, akaisoma kama anayesahihisha mtihani, anatafuta kosa. Jina lake lilikuwa sawa. Tarehe ilikuwa sawa. Kambini Antoinette alipiga vigelegele peke yake kwa niaba ya wote. Kisha likafuata tangazo la pili, lenye mantiki isiyo na dosari: kwa kuwa Arlette si mtu wa kambi tena, aondoke kambini ndani ya siku thelathini.

Aliyelia alikuwa Limbani. Alikuwa na friji saba za watu mkononi na Pasaka ilikuwa karibu. Sauti ya nne ingebaki na mzee mmoja kiziwi. Arlette alipanga vyombo, akamsikiliza, akapanga vyombo. Aliondoka kwake Bukavu kwa dakika kumi, bila kuchagua. Leo alikuwa na siku thelathini, na aliona ni nyingi mno. Siku ya tisa walipakia cherehani na godoro, wakahamia Mtandire.

Wiki tatu baadaye alipanda minibasi peke yake kwenda Dowa kupeleka nguo ya mteja wa zamani. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi aliingiza kichwa mlangoni, akapitisha macho juu ya abiria. Kwa miaka tisa, kwenye kila kizuizi, Arlette aliulizwa kibali cha kutoka kambini. Mkono ulikwishaingia mkobani, vidole vimeshika bahasha yenye karatasi ya ukaaji. Polisi alimtazama, akatazama kuku wa jirani yake, akampigia dereva ishara ya kwenda.

"Afande!" Arlette akaita.

Basi zima likageuka. Polisi akarudi dirishani.

"Hujaniuliza," Arlette alisema, akaitoa karatasi yake, akaifungua yote, upande wa mihuri ukiwa juu.

Yule kijana aliisoma kwa uvumilivu, midomo ikicheza, mpaka mstari wa mwisho, abiria wakinung'unika. Akaikunja vizuri kama alivyoikuta.

"Zikomo, mayi," akamshukuru. "Iko sawa. Nenda."

Dereva akatia gia. Arlette aliirudisha karatasi ndani ya bahasha, akakaa vizuri kwenye kiti, akamwomba mwenye kuku asogee kidogo.