Mama Ameinusa Ovaroli Yangu

Admin, jina langu libaki kwako. Binamu zangu wamejaa kwenye ukurasa huu na midomo yao haina mlango.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, naishi Kisangani, commune ya Tshopo, na mama yangu mjane anayeuza pondu, yale majani ya muhogo, sokoni. Najifunza ufundi wa ndege, zile ndogo zinazopeleka mizigo msituni ambako barabara zimekufa. Mama alikuwa anajua najifunza jenereta. Ukweli ulinishinda kusema, kwa sababu papa alikuwa fundi wa ndege hizo hizo.

Huku kwetu fundi haachi ndege iende bila yeye. Ikiharibika kule msituni, nani ataitengeneza? Basi papa alipanda ndege aliyoitengeneza mwenyewe, haikufika, na mwili wake haukupatikana. Nilikuwa mtoto. Ndani ya jeneza tuliweka ovaroli yake nyingine, chafu vile vile, mama alikataa kabisa ifuliwe. Tulizika nguo, ndugu zangu.

Mtasema nina kichwa kigumu. Ni kweli, nimekirithi kwake. Lakini injini niliyoifungua kwa mikono yangu ikiwaka, namsikia papa, na sina mahali pengine pa kumpata.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi iliyopita mama alichukua nguo zangu afue. Nikamkuta ameketi kando ya beseni, ovaroli yangu usoni, ananusa yale mafuta ya ndege. Nilidhani atanipiga. Akasema tu, "Hii harufu mi naijua." Tangu hapo hatuli tena sahani moja, na inaniuma kuliko kipigo.

Jumatatu ndege tuliyoimaliza inaondoka, na mimi nimepangwa kupanda. Nilimwomba fundi mkuu nibaki. Akanijibu, "Ma fille, binti yangu, mwenye alitengeneza njo anapanda. Kama unaogopa, alors ulitengeneza nini?" Nisipopanda, mafunzo yangu yameishia hapo.

Jana nilimweleza mama yote, nikilia. Hakunikataza. Niliposhika ovaroli niifue, akanishika mkono.

"Uko na mbili," akasema. "Kama utaenda, acha moja hapa. Usiifue."

Iko mbele yangu sasa ninapoandika. Nimwachie niende, au nimwambie sipandi tena? Wenye mama, nisaidieni, mimi nimeshindwa.