Ng'ombe wa Mguu wa Hermani

Mdogo wangu Gaudensia si mtu wa kesi. Analima ekari moja na nusu ya mahindi na maharage hapa Endasak, siku ya mnada anauza vitumbua, na mtu akimtukana yeye ndiye huomba radhi. Nyie mnaomsema eti alimburuta kilema mahakamani, nyamazeni niwaeleze. Mimi Fabiola ni dada yake, na nilikuwepo.

Mume wake Hermani alikuwa anaendesha bodaboda. Alimwacha na binti mmoja, Angela, akahamia kwa mwanamke mwingine kule Gendabi. Alikuwa analeta elfu ishirini ya mtoto, siku akikumbuka. Kisha lori la vitunguu likamgonga, akakatwa mguu chini ya goti, na hata hicho kidogo kikakoma. Gaudensia hakumdai kitu. Alimpelekea uji hospitali, jamani, huyo huyo aliyemkimbia.

Baada ya miaka miwili bima ya lori ikalipa milioni kumi na nane. Mwaka huohuo Angela akafaulu darasa la saba, akapangiwa shule ya bweni. Karatasi ya shule ilitaka godoro, sanduku, sare pea mbili, viatu, shuka, ndoo, na nauli juu yake. Gaudensia akaenda kwa miguu mpaka Gendabi kuomba. Hermani akamjibu kuwa hiyo ni hela ya mguu wake, si mshahara, na mtoto hali mguu wa baba yake. Ndipo alipokwenda ustawi wa jamii, nao wakamwelekeza mahakamani.

Hela zenyewe tayari zilikuwa na kwato. Huku kwetu mwanamume hafugi ng'ombe wake wote zizini kwake. Anawagawa kwa rafiki zake, mmoja hapa, wawili kule, ili ugonjwa ukipiga usimalize. Anayekufugia anakunywa maziwa na kuchukua mbolea, lakini ng'ombe anabaki wako. Na idadi haitajwi. Kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni kumtukana, na kutaja ng'ombe wa mwenzako mbele ya watu ni kuua urafiki. Hermani alinunua mitamba, wangapi sijui, akawatawanya Hanang nzima. Wawili walikuja kwetu, kwa baba yetu mzee Akonaay, baba mkwe wake. Baba akawapokea! Alisema ugomvi wa ndoa hauvunji urafiki wa ng'ombe.

Mimi naishi kwa baba na watoto wangu watatu tangu nifiwe na mume. Wale mitamba walikuja na mimba, na walipozaa mimi ndiye niliyewakamua. Acha niseme tu, nimechoka kuficha.

Siku ya kesi Hermani aliingia na magongo, shati limepigwa pasi, akaapa kwamba hana kitu. Hakimu alikuwa mama mmoja mtaratibu. Alisema fidia imeingia mahali pa kazi aliyoipoteza, kwa hiyo ni kipato kama kipato kingine, na mtoto ana fungu lake humo. Gaudensia akatabasamu. Miaka mingi sijaona meno yake. Kisha hakimu akauliza hiyo hela iko wapi leo, na nani ameiona.

Gaudensia akamtaja baba. Baba akasimama na fimbo yake, kiongozi wa jumuiya, mtu anayesalisha wagonjwa.

"Zizini kwangu kuna ng'ombe zangu tu," akasema, akaketi.

Hakimu akauliza kama kuna shahidi mwingine. Gaudensia akanigeukia. Hakunyoosha kidole wala hakuniita, aliniangalia tu. Nikawaza wanangu na chai ya rangi, nikawaza baba akinifukuza, niende wapi na watoto watatu. Wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Thubutu! Nilitazama viatu vyangu mpaka hakimu akafunga jalada.

Aliamuru elfu kumi kwa mwezi, kadiri ya uwezo wa mtu asiye na mali. Hermani ametoa mara moja.

Tulipotoka nje nilimshika Gaudensia mkono, akautoa taratibu.

"Dada, ungesema hao wawili tu," alisema. "Hao wawili tu wangetosha."

Tangu hapo hajaligusa tena jambo hilo, na bora angenitukana. Tarehe ya kuripoti shule ilipita. Angela ana miaka kumi na minne, anaosha vyombo kwenye hoteli ya mama mmoja Katesh. Akipata Jumapili ya kupumzika anakuja, ananipa shikamoo mama mkubwa, namwitikia, nampa kikombe cha maziwa. Anajua yametoka kwa ng'ombe gani. Anakunywa yote, anashukuru.