Maziwa ya Saa Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, kitambaa cha kufunga kichwani na kikombe cha maziwa. Ufagio niliutegemea. Maziwa yalinishangaza, nikadhani nimeingia kwenye foleni ya wagonjwa kwa makosa. Mkuu wa Ghala, mzee mnene aliyevaa koti zito hata jua likiwa utosini, akaniambia, "Kunywa, mwanangu. Humu kuna vumbi na kuna dawa. Maziwa yanasafisha kifua." Nikanywa. Nilikuwa binti niliyetoka Ilemba juzi tu, na binti wa Ilemba akipewa maziwa na mkubwa wake haulizi maswali.

Ghala hilo la nafaka sitalitaja jina. Waliofanya kazi pale Sumbawanga wanalijua, na wasiolijua hawatapungukiwa kitu. Ninawaandikia ninyi vijana mnaojiunga na chama cha wafanyakazi siku hizi, mnaopewa fulana siku ya Mei Mosi na kudhani chama ni fulana.

Kazi ya ghala watu huidhania kuwa ni kubeba. Kubeba ni sehemu yake moja. Mahindi yakifika yanatobolewa kwanza kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochota punje chache ndani ya gunia ili zipimwe unyevu. Yakikubaliwa, makuli wanayapandisha juu ya chaga, yaani vitanda vya mbao vinavyozuia gunia lisilale kwenye sakafu, na kuyapanga kwa kupishana mpaka rundo linakaribia paa. Sisi wanawake tulifagia, tukapepeta yaliyomwagika, tukashona midomo ya magunia kwa sindano ndefu iliyopinda. Nilishona miaka mingi kiasi kwamba mpaka leo kidole gumba changu hakikunjiki vizuri.

Kisha kuna kufukiza. Dumuzi akiingia kwenye mahindi hatoki kwa kuombwa, kwa hiyo rundo zima linafunikwa turubai, pembeni linakandamizwa kwa mifuko mirefu ya mchanga tuliyoiita nyoka, na ndani vinawekwa vidonge vinavyotoa gesi. Gesi hiyo inaua dumuzi, inaua panya, na inaua mtu. Ina harufu kama ya kitunguu saumu, ila mkisubiri mpaka muisikie, mmeshachelewa. Anayefunua turubai anatakiwa avae barakoa yenye kopo la kichujio mbele ya pua, na milango yote iwe wazi. Kopo hilo lina maisha yake. Likishachoka ni pambo tu. Makopo yetu yalikuwa yamechoka tangu kabla sijaajiriwa.

Lakini tulikuwa na maziwa.

Maziwa yalikuwa ya chama. Waliotutangulia waligoma kazi mpaka wakayapata, na kila mwanachama mpya alisimuliwa habari hiyo kabla hata hajaonyeshwa choo. Saa nne asubuhi kengele ikigongwa tulikaa barazani, kila mtu na kikombe chake, na hapo ndipo tawi lilipoishi. Hapo ndipo tulipojua nani amefiwa huko Mtowisa na lori gani litawapeleka watu mazikoni. Hapo ndipo ilipoamuliwa nani atampikia mwenzetu aliyejifungua, na nani kamtukana mke wake mbele za watu na anastahili kusemwa. Mwenyekiti wa tawi, mtu wa Mbeya aliyependa kusema kwa vituo kama anayesoma somo kanisani, alituita familia ya kikombe kimoja. Tulimcheka, lakini tulikuwa hivyo kweli.

Na niseme jambo ambalo wote tulilijua. Wengi wetu hatukuyanywa. Tulipiga funda moja kwa heshima, mengine tukayatia kwenye chupa na kuyapeleka nyumbani kwa watoto.

Jirani yangu pale barazani alikuwa Gaudensia, mshonaji kama mimi, mwenye ulimi mwepesi na moyo mweupe. Mumewe Fidelis alikuwa kiongozi wa wafukizaji. Hao ndio waliokuwa kila kitu kwangu hapa mjini. Mimi ndiye niliyewasimamia ndoa yao, na mtoto wao wa kwanza alibatizwa akiwa mikononi mwangu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo cha ununuzi cha Mtowisa, kule bondeni, ambako joto linakukumbusha dhambi zako. Huko alikuja Mtaalamu wa Ufukizaji kutoka makao makuu. Alikuja na barakoa yake mpya na makopo mapya kwenye sanduku. Nilimwona hapewi maziwa na wala hayaulizii. Nikamfuata.

"Bwana Mtaalamu, wewe maziwa hunywi?"

"Ya nini?"

"Ya gesi."

Akacheka, lakini si kwa dharau. "Mama, maziwa yanakwenda tumboni. Gesi inakwenda mapafuni. Vitakutana wapi?"

"Na huko makao makuu wanalijua hilo?"

"Nani asiyelijua?" akasema, akaendelea kufunga sanduku lake.

Jibu hilo liliniuma kuliko kama angenipiga kofi. Walijua. Miaka yote walikuwa wanatutazama barazani tumejipanga na vikombe vyetu kama watoto wa chekechea, na waliona ni nafuu watuache tuamini.

Niliporudishwa Sumbawanga nilichaguliwa mwakilishi wa usalama wa tawi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kudai makopo. Tulikwenda ofisini kwa Meneja, mimi na Mwenyekiti. Meneja huyu alikuwa msomi, mpole wa sauti, mtu wa kukukaribisha kiti kabla ya kukunyima haki yako. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mmesema vizuri," akasema. "Lakini fungu la afya ni moja. Mnataka maziwa au mnataka vichujio? Nendeni mkaamue wenyewe. Mimi ni mtu wa demokrasia."

Mnauona ubaya wake? Hakukataa. Alichukua chakula cha watoto wetu akakiweka upande mmoja, akachukua mapafu ya wafukizaji akayaweka upande wa pili, halafu akatupa sisi kisu tugawane.

Kikao kilikuwa kigumu. Nilieleza niliyoyasikia Mtowisa. Wengine walinong'ona kwamba nimerudi na maringo ya bondeni. Gaudensia akasimama.

"Wewe ni dada yangu na sitakutukana," akaniambia. "Lakini wanangu wamekulia maziwa hayo. Kesho nikirudi na chupa tupu, niwaambie nini? Kwamba baba yao kanunuliwa kopo?"

Watu wakacheka. Fidelis mwenyewe akacheka, akasema, "Mimi hii gesi tumeshazoeana. Waacheni watoto wanywe."

Kura zikapigwa na maziwa yakashinda. Sikuwalaumu wanachama siku hiyo na siwalaumu leo. Mtu anayekulazimisha uchague kati ya mtoto wako na mumeo ndiye wa kulaumiwa, si wewe uliyechagua.

Ukawadia msimu wa baridi. Mnaoishi huku juu mnaujua upepo wa Juni, ule unaopenya sweta mbili. Asubuhi hiyo rundo moja lilikuwa tayari kufunuliwa. Milango ya upande wa upepo ilifungwa, kwa sababu makuli walikuwa wanatetemeka na msimamizi wa zamu alitaka kazi iende haraka. Fidelis akavaa barakoa yake yenye kopo mfu, akaondoa nyoka, akainua turubai. Wenzake walisema aliinuka akatembea hatua chache kuelekea mlangoni, kisha akapiga magoti kama anayeingia kanisani.

Walimburuta mpaka barazani. Ilikuwa karibu na saa nne, na ndoo ya maziwa ilikuwa imeshafika. Mtu akapiga kelele, "Maziwa! Mpeni maziwa!" Gaudensia alikuwa wa kwanza kufika kwa mumewe. Alimweka kichwa mapajani, akachota kikombe, akamnywesha, akachota kingine. Fidelis alikuwa amezimia. Mtu aliyezimia hamezi. Mimi nilitokea ofisini nikamkuta anamfuta maziwa shingoni na kumwambia, "Meza, baba, meza kidogo tu." Nilimnyang'anya kikombe. Tulimpakia kwenye lori la mahindi, na alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Daktari alinivuta pembeni. Aliniambia gesi ilikuwa imeshamaliza kazi yake, kwamba mapafu yalikuwa yameharibika kiasi ambacho kikombe kisingebadili kitu. Akaongeza kwamba tusirudie tena kumpa mtu aliyezimia kinywaji chochote. Nilimwambia Gaudensia neno kwa neno.

Lakini taarifa ya ofisi haikusema gesi. Ilisema marehemu alipata kizunguzungu, akapewa maziwa na mkewe, akapaliwa. Ilisomwa na Meneja mwenyewe barazani, kwa ile sauti yake ya upole, Gaudensia akiwa amekaa mbele na kitambaa cheusi kichwani. Kwa taarifa hiyo kifo hakikuwa cha kazini. Kilikuwa ajali ya kifamilia iliyotokea eneo la kazi. Huko mjini nako, si mnajua tunavyotaniwa watu wa Sumbawanga, walisema Fidelis karogwa. Mtaani karogwa, ofisini kapaliwa. Kila mtu alimpata muuaji wake, isipokuwa gesi.

Tuligoma. Siku ya kwanza tulikaa barazani na vikombe vitupu vimefunikwa kifudifudi, na Mwenyekiti, ambaye nilimwona mwoga siku zote, alisimama mlangoni pa ofisi akakataa kuondoka mpaka akabebwa. Chama mkoani kikaingia, mkaguzi wa kazi akaja. Wiki iliyofuata makopo mapya yalifika, sanduku zima. Na maziwa yakaendelea kuja kama kawaida. Someni hapo tena, vijana wangu. Maziwa yaliendelea. Lile fungu moja lililotufanya tupige kura lilikuwa maneno ya mdomoni tu. Vyote viwili viliwezekana tangu mwanzo, na Fidelis alikufa kwa swali ambalo halikuwa na haja ya kuulizwa.

Mkaguzi aliandika gesi, na mjane akapata stahili zake. Wengi waliona mambo yamekwisha. Gaudensia hakuona hivyo. Kila tulipokaa kushona aliniuliza lile lile: "Nisingempa, angepona?" Nami nikamjibu kama daktari alivyosema. Naye akanijibu, "Wewe ni dada yangu, lazima useme hivyo." Nilimwomba Mwenyekiti amwambie, akamwambia. Haikusaidia. Aliyemsomea hukumu mbele za watu alikuwa Meneja, na mpaka Meneja aifute kwa mdomo wake, kwake ilikuwa bado inasimama.

Nilikwenda ofisini kumwomba. Sikutaka fedha wala msamaha. Nilitaka amwite yule mama amwambie sentensi moja: si wewe, ni gesi. Akanijibu kwamba wanasheria hawapendi mambo ya mdomo. Nilirudi tena mwaka uliofuata, na mwingine, mpaka akastaafu.

Siku ya kuniaga mimi nilipostaafu, Meneja huyo alialikwa kama mgeni wa heshima, nywele zimeshakuwa nyeupe. Alisimama akasifia zamani zetu, nidhamu yetu, na ile familia ya kikombe kimoja. Watu wakapiga makofi. Nilipopewa nafasi niseme machache, niliacha kuwashukuru wenzangu kama ilivyopangwa, nikamgeukia.

"Mzee, Gaudensia yule kule, karibu na masufuria. Hapa hakuna wanasheria. Mwambie."

Alitazama sahani yake. Akatabasamu, akasema, "Mama, hayo ni ya zamani. Tusiharibu sherehe yako."

"Mwambie tu kama ni yeye au siye."

Hakusema. Alichukua kitambaa akafuta midomo iliyokuwa safi. Mshereheshaji akaomba muziki, mimi nikabaki nimesimama, nikijiona nimemtia aibu mwenzangu mbele ya watu bila faida. Gaudensia akaja mpaka nilipo, akanishika mkono.

"Kaa, dada," akasema. "Amenijibu."

"Amekujibu nini? Kanyamaza."

"Ndiyo. Ingekuwa mimi niliyemuua, yule angesema upesi sana."