Kibaba, Kisaga, na Nusu Gawa kwa Robo

Kibaba changu hakipo nyumbani, kimekwenda skuli. Nakwambia hivi tangu mwanzo, rafiki yangu, ili nitakaporuka huku na huku usije ukadhani nimepotewa na akili. Mie sikusoma sana. Naandika kama ninavyosema, na wanaonijua wanajua ninavyosema: naanza na habari ya pweza, nikamalizia na harusi ya mtu. Nivumilie.

Mjukuu wangu ni mwalimu. Anasomesha hesabu watoto wa darasa la tano. Juzi karudi, viatu kavua barazani, na hakuingia chumbani kwake kama kawaida. Kaja moja kwa moja jikoni, mie nimekalia mbuzi nakuna nazi.

"Bibi, leo kuna mtoto kanishangaza. Nimewauliza nusu gawa kwa robo ni ngapi. Kasimama, kifua mbele, kasema thumni."

Mkono ukanisita, kifuu bado nimekishika. Thumni, kwa asiyejua, ni nusu ya robo; ukikata mkate vipande vinane vilivyo sawa, kimoja ndiyo thumni.

"Wenziwe wakamcheka?"

"Wamemcheka mpaka kainamia deski."

"Na weye?"

"Mie nimemwambia tutatazama kesho, sote. Bibi, kile kibaba chako cha mti unacho bado?"

Nilikuwa nimeshafika mbali, nimo utotoni, na harufu ya karafuu imenijaa puani.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa nyuma ya mikarafuu, na msimu ukifika hakuna kilichosalimika na harufu ile. Ilikaa kwenye nywele, ikakaa kwenye maji ya mtungi, hata shelisheli la kuchoma ukilivunja unaisikia. Asubuhi tunakwenda chuoni kusoma Kurani, tukitoka tunapita skuli, tukirudi tunakaa kwenye jamvi kuchambua karafuu, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu huku, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na ulimi ukivilamba unakufa ganzi. Watoto wa siku hizi wanasema wamechoka. Haya, tuyaache hayo.

Nyumba ile ilikuwa ya baba, lakini mwenye nyumba hasa alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyenilea. Funguo ya chumba cha mchele aliivaa kiunoni, chini ya kanga, na mle chumbani mlikuwa na vipimo vyake vitatu. Kibaba cha mti, kimeng'ara kwa kushikwa. Kisaga cha bati. Na pishi, nayo ya bati, imebonyea ubavu mmoja. Vibaba viwili hujaza kisaga, visaga viwili hujaza pishi. Hilo sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nalo tu kama nilivyokuwa na meno.

Shangazi alikuwa na sheria yake ya kupima. Mchele wa kupika kwetu aliufuta kwa kiganja, ukawa sawa na mdomo wa kibaba. Mchele wa kumpa mtu aliuacha na kilima juu, unamwagika pembeni. Nikimuuliza, ananambia, "Cha mtu usikikate kichwa." Basi mimi nilikua nikijua kuna vibaba viwili duniani, cha ndani na cha nje, na sikuona tatizo lolote. Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Kweli. Ila hawasemi kibaba kipi.

Na zaka ya fitri ndiyo iliyonichanganya mwanzo kabisa, ingawa wakati ule sikujua kama imenichanganya. Usiku wa kuamkia Idd watu wazima hawakulala kwa mapishi, na alfajiri, kabla ya sala, shangazi hupima pishi moja kwa kila kichwa cha nyumbani. Mwaka mmoja dada yangu alikuwa na mtoto mchanga, hata arubaini hajatoka. Nikaona shangazi kajaza pishi nzima kwa ajili yake.

"Shangazi, huyu si nusu?"

"Astaghfirullahi! Mtu hana nusu, mwanangu. Huyu mtu mzima kama weye, ila mfupi."

Neno hilo likanikaa. Mtu hana nusu. Shika hapo, maana ndipo nilipopotelea.

Skuli yetu ilikuwa na mwalimu mmoja mrefu, shati jeupe, kalamu mfukoni, mpole wallahi, hakuwa mtu wa bakora. Na baba alikuwa ameshatoa kauli yake. Mwisho wa mwaka mkaguzi atakuja kutoka mjini, atatuita mmojammoja ubaoni. Nikipita, baba atanipeleka Madungu nikakae kwa ndugu zake nisome skuli kubwa. Nisipopita, nimemaliza; kuna watoto wa kulea na karafuu za kuchambua. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua ikinyesha hatutoki. Na mie nikaitaka hiyo Madungu, nikuambie nini. Niliota sare. Niliota meza yangu peke yangu.

Siku ile mwalimu kaandika ubaoni, nusu gawa kwa robo. "Nani?"

Nikanyosha mkono, maana kugawa nakujua. Kugawa ni Ijumaa, shangazi kaushika mkate wa kumimina, sisi tumelizunguka sinia. Kila tukizidi watu, vipande vinazidi kuwa vidogo. Jirani akituletea wanawe ndiyo balaa kabisa. Sasa hapa mkate ni nusu. Watu ni robo. Robo mtu? Mtu hana nusu, sembuse robo. Basi nikajua mwalimu ana maana yake: robo ni moja katika nne, kwa hiyo watu ni wanne. Nusu mkate kwa watu wanne, kila mtu apata thumni. Nikasimama nikasema, "Thumni."

"Kaa chini. Ni mbili."

Sikukaa. "Mwalimu, nusu ikigaiwa inakuwa mbili nzima?"

"Mbili."

"Basi nipe mkate huo nimpelekee shangazi, maana wetu kila ukigaiwa unapungua."

Darasa likalipuka. Mwalimu mwenyewe kacheka, kisha kagonga ubao kwa chaki. "Hesabu si mkate. Kanuni ni hii: ya pili pindua, kisha zidisha. Semeni."

Tukasema. Pindua, zidisha. Pindua, zidisha. Nilisema njiani nikirudi, nilisema nikikuna nazi, nilisema nikichambua karafuu. Nilikuwa na sauti nzuri.

Habari zilishafika kabla yangu. Tulikuwa na jirani, mwanamke wa Kojani aliyeolewa kwetu, na Mkojani kwa mzaha humuwezi. Kaniona tu kwa mbali:

"Bi Thumni, hujambo! Yule robo mtu umemuona? Akija kwangu nimtilie chai robo kikombe?"

"Sijambo, shikamoo," nikasema, na machozi yapo karibu.

"Marahaba, msomi wangu. Usinune. Ukenda Madungu utanisomea barua zangu."

Jina likaniganda. Bi Thumni mpaka nikaolewa nalo.

Mkaguzi akaja. Mtu mnene, ana jasho, katandikiwa kitambaa kwenye meza na kaletewa dafu. Wenzangu wameitwa mmojammoja. Zamu yangu ikafika. Kanitazama, kaandika, na nikaona lile lile: nusu gawa kwa robo. Moyo ukafurahi! Hili nalijua. Pindua, zidisha. Sasa wapi palipoteleza sijui, ule wimbo niliuimba sana mpaka neno moja likadondoka njiani bila mimi kujua. Nikaipindua nusu, ikawa mbili. Mbili mara robo. Nikasema kwa sauti nzuri, "Nusu."

"Umepindua ipi?"

"Ya mwanzo."

"Kwa nini ya mwanzo?"

Nikamtazama mwalimu. Mwalimu katazama chini. Nami nikasema kweli yangu: "Ndiyo iliyokuwa karibu."

Mkaguzi hakucheka. Kafuta ubao. "Mwengine."

Unajua kinachonishangaza mpaka leo? Jibu lile la nusu halikunikera hata chembe. Thumni niliipigania, kwa sababu thumni niliiona kwa macho, ipo juu ya sinia. Lakini baada ya ile kanuni, ungenambia jawabu ni punda ningeandika punda. Sikuwa na pa kuitazamia.

Baba hakunigomba. Kaweka mkono kichwani kwangu, kasema, "Basi, mwanangu. Tumejaribu." Kisha kaenda zake kusali.

Na alasiri ile ile yule jirani katumwa na njaa ya wageni, kaja na bakuli. Shangazi hakuwepo, funguo nilikuwa nayo mie.

"Bi Thumni, nikopeshe kisaga cha mchele, wageni wameniingilia." Kanitazama usoni. Mzaha ukamkatika. "Ndiyo kusema Madungu hakuna?"

Nikatikisa kichwa. Nikaingia ndani, nikachukua kibaba. Nikachota kimoja, nikamtilia. Nikachota cha pili, nikamtilia. Kisaga chake hicho. Machozi mengine yameingia mchelini, yule mama kayaona. Kaubeba mchele wake kaenda zake. Mie nikafunga mlango, na huo ndio uliokuwa mwisho wangu wa kusoma.

Sasa turudi jikoni kwangu, juzi hiyo. Mjukuu wangu kavuta kigoda, kakaa mbele yangu.

"Bibi, nusu pishi ni nini?"

"Kisaga."

"Na robo pishi?"

"Kibaba. Una nini leo?"

"Kisaga kinatoa vibaba vingapi?"

"Viwili. Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima?"

Kanitazama tu, kama mtu anayesubiri embe lianguke lenyewe. Nami nikasubiri pamoja naye, maana sikujua tunasubiri nini.

"Ndiyo hiyo, bibi. Nusu gawa kwa robo. Mbili."

"Hiyo si kugawa," nikamwambia. "Hiyo ni kuchota. Watu wako wapi?"

"Hakuna watu. Unauliza tu, ndani ya nusu, robo imo mara ngapi."

"Na mkate?"

"Mkate nao ni sawa, pale unajua watu, hujui kipande. Hapa unajua kipande, hujui ni mara ngapi. Yote mawili ni kugawa."

Nikasema ananidanganya. Nikainuka, nikaleta kisaga, nikakijaza mchele, nikakifuta kwa kiganja mbele ya macho yake. Nikamimina kwenye kibaba mpaka kikajaa vizuri, nikakimwaga kando kwenye ungo. Nikamimina tena. Cha pili hakikujaa.

"Unaona!" nikasema. "Wala si mbili!"

"Bibi, cha kwanza umekitia kilima."

Nikautazama ule mchele wa ungoni. Kweli, nilikiacha na kilima, mkono umefanya wenyewe, nilidhani nampimia mtu. Akacheka, nikacheka, tukarudisha mchele, nikapima upya, nikafuta. Kimoja. Cha pili kikajaa mpaka mdomoni, na kisaga kikabaki kitupu, kinang'ara chini.

Sikufurahi, rafiki yangu. Watu hudhani mtu akifahamu jambo hufurahi. Nilikaa na kile kisaga kitupu mapajani nisijue nimkasirikie nani. Mwalimu? Naye alifundishwa hivyo hivyo, masikini, labda hata yeye hakuwahi kuiona hiyo mbili kwa macho. Mkaguzi? Shangazi na neno lake la mtu hana nusu? Lakini shangazi alisema kweli. Na mkono wangu ulijua, siku ile ile, machozi yakinitoka, mkono ulikuwa ukiifanya hesabu niliyofeli asubuhi, na sisi wawili, mkono na mimi, hatukusemezana. Mpaka sasa sijui nilifeli nini hasa.

Nikamweleza mjukuu wangu yote, mkate, mkaguzi, Madungu. Hakuwa akijua. Alijua tu kwamba bibi yake hakusoma.

Asubuhi kakifunga kibaba kwenye kitambaa, kakitia mkobani pamoja na kisaga. Kasema watoto wake hawajapata kukiona, kwao mchele ni kilo, muuza duka anaweka kwenye mzani, na mzani hauna kilima. Nikamfuata mpaka barazani.

"Yule mtoto wa thumni, ni mke au mume?"

"Msichana."

"Yeye ndiye achote. Usimpe mwengine."

"Ndivyo nilivyotaka, bibi."

"Na umwambie, mbele ya wenziwe, kuna bibi mmoja naye alisema thumni."

Kavaa viatu, kafikiri kidogo. "Na akiniuliza yule bibi baadaye ilikuwaje?"

"Hiyo usimwambie."

Kaenda. Mchana nimeingia kupika, nikapeleka mkono kwenye pipa la mchele, mkono ukazunguka mle ndani unatafuta, kibaba hakipo. Nikachukua kikombe cha chai. Vikombe vingapi vinajaza kibaba? Nimesimama pale, maji yanachemka, kikombe kitupu mkononi, najiuliza kimo mara ngapi.