Maji Yaliyokuwa Yakipotea kwenye Rejeta

Gari letu lilianza kuchemsha mwaka ule mume wangu alipoacha kuendesha. Daktari wa macho alimwambia kwamba presha ya macho imeshakula sehemu kubwa ya uoni wake. Siku hiyo hiyo akanikabidhi ufunguo bila ubishi. Nilishangaa, maana ni mtu aliyeishi kwenye usukani. Kwa miaka mingi aliendesha basi la Songea kwenda Tunduru, enzi za barabara ya vumbi, wakati masika yakishika abiria waliweza kulala njiani. Mimi mwenyewe alinipata kwenye basi hilo. Nilikuwa mwalimu mpya, binti wa mkulima wa korosho wa Tunduru, nimepangiwa shule Songea, na yeye ndiye aliyeniambia nikae kiti cha mbele ili nisitapike.

Mara ya kwanza tulikuwa tunatoka nyumbani Ruhuwiko, tunakwenda Majengo sokoni. Kabla sijauona mshale wa joto, yeye alikuwa ameshasikia mlio wa injini ukibadilika, akaniambia niweke pembeni. Tukasubiri ipoe. Akauzungushia mfuniko wa rejeta kitambaa, akaufungua taratibu kwa kupapasa. Rejeta ilikuwa karibu tupu. Niliinama chini ya gari, sikuona hata tone.

Fundi wetu ana gereji Majengo, nyuma ya maduka. Ni mtu wa makamo, mpole, ambaye zamani alisafiri na basi la mume wangu akienda na kurudi shule. Alibadilisha mfuniko, akajaza kulanti, yale maji ya kijani. Baada ya siku chache yakawa yamekwisha. Akabadilisha mpira wa chini. Yakaisha tena. Akafunga pampu ya kupima presha na kuiacha muda mrefu, mshale haukushuka. Alichomoa kijiti cha oili kuona kama maji yameingia kwenye injini, oili ilikuwa safi. Alinusa moshi. Alifunua hadi zulia la miguuni kwa abiria, pakavu.

“Maji hayana miguu, mama,” aliniambia. “Lazima kuna mahali yanakwenda.”

Mume wangu alihudhuria yote hayo. Aliketi juu ya tairi kuukuu pale gereji, akitoa mawazo yake. Alishuku gasketi, akaeleza namna gasketi inavyoweza kupasuka kidogo sana ikavuja injini ikiwa ya moto tu, na fundi akatikisa kichwa kukubali. Tangu macho yamwangushe alikuwa amekuwa mkimya, jibu lake likiwa ndiyo au hapana. Sasa alizungumza. Tukirudi nyumbani aliendelea kuniuliza habari za ule mshale. Kwa hiyo, nisiseme uongo, ugonjwa wa lile gari haukunikera kama ulivyopaswa kunikera.

Mwishowe fundi aliomba gari libaki kwake. Alilizungusha mjini, akalipandisha milimani Matogoro, likalala gereji usiku kadhaa. Maji hayakupungua hata kidogo. Akalirudisha, tukashukuru. Asubuhi iliyofuata niliwasha niende shule, mshale ukapanda kabla sijafika lami.

Jioni ile fundi alikuja mwenyewe kwa pikipiki. Mume wangu alikuwa amelala. Nilidhani ataomba kufungua boneti, lakini yeye alizunguka uani. Nyuma ya jiko nilikuwa na kitalu cha matembele ambacho kilikuwa kimenyauka, nami nililaumu jua. Fundi alichuchumaa pale, akachukua udongo kidogo, akanusa. Kisha akaliona beseni la plastiki lililoegemezwa ukutani, ndani lina alama ya kijani. Akauliza nalitumia kwa kazi gani. Nikasema ni la kufulia madekio. Alisimama, mikono kiunoni.

“Mama, naomba unisamehe kwa ninalosema,” alisema. “Kesho alfajiri usitoke. Kaa dirishani, uangalie.”

Niliwaza mwizi. Niliwaza jirani mwenye kijicho. Alfajiri nilimsikia mume wangu akiamka kama kawaida yake, maana hata baada ya kustaafu hakuacha kuamka mapema. Nilisimama jikoni gizani. Nikamwona anakuja na beseni na gunia. Akalitandika gunia mbele ya gari, akalala chali, akaingiza mkono chini ya rejeta pale penye koki ya kumwagia maji. Hakuhitaji macho kwa kazi ile. Maji yakatiririka kwenye beseni. Yalipokwisha, akaifunga koki, akaenda kuyamwaga nyuma ya jiko, akaliegemeza beseni ukutani. Halafu akafungua mlango wa gari, akaketi kwenye usukani, akatulia.

Nilitoka. Nilimsalimia, akaitikia. Nikamuuliza anafanya nini.

“Nimemwaga maji machafu,” alisema. “Mdogo wangu amekwenda kuchota mengine. Akirudi tunaondoka, abiria wa Tunduru wasichelewe.”

Mdogo wake ndiye aliyekuwa taniboi, msaidizi wake katika basi lile. Kila alfajiri walimwaga maji ya rejeta, kwa sababu njiani waliongeza maji ya mito yenye tope, na mdogo mtu alikwenda na ndoo kuchota masafi. Tulimzika zamani, watoto wetu wakiwa bado wadogo. Basi mume wangu alimwaga, akaketi kumngoja, na kulipokucha alisahau anamngoja nani, akaingia ndani kunywa chai.

Sikumwambia kwamba mdogo wake amekufa. Nilichukua ndoo, nikachota maji bombani, nikafungua boneti na kuanza kujaza. Akashuka, akasimama kando yangu akisikiliza maji yanavyoingia. Alisema nimimine polepole, niiache hewa itoke. Alinisemesha kwa Kingoni, lugha ambayo katika ndoa yetu yote hakuwahi kunisemesha, kwa kuwa mimi ni Myao na nyumbani tulizungumza Kiswahili. Niliendelea kumimina. Machozi yalinitoka nikayaacha, maana hakuweza kuyaona.

Hospitalini walisema ni maradhi ya kusahau, na kwamba hayarudi nyuma. Fundi, kwa nia njema, aliibana ile koki ili isifunguke kwa mkono. Asubuhi yake mume wangu aliingia ndani na vidole vimechubuka, vinatoka damu. Alinionyesha. Alisema imeganda, ameshindwa, na akaomba nisimwambie mwenye basi. Nilimwosha vidole, nikampigia fundi simu nikamwomba ailegeze. Akailegeza siku ile ile. Tukaacha kulanti kwa sababu ni sumu, tukatumia maji matupu, ijapokuwa fundi alinionya kwamba kutu itaila rejeta.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa muda. Yeye alimwaga, mimi nilijaza. Siku nyingine alinijua, akauliza kwa nini mwalimu anashika ndoo. Siku nyingine nilikuwa mdogo wake, akinihimiza. Nilizoea kuitikia vyote viwili.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, aliacha kutoka nje. Anaamka bado, lakini huketi ukingoni mwa kitanda mpaka nimvike shati. Asubuhi za mwanzo nilikwenda kwenye gari na ndoo yangu, nikafungua mfuniko, nikakuta maji yamejaa hadi juu. Nikarudi na ndoo vile vile.

Wiki iliyopita fundi alinipigia kuulizia gari. Nilimwambia halipunguzi maji tena, linakwenda vizuri.

“Pole, mama,” akasema.

Dada yangu amekuja kutoka Tunduru kukaa na mume wangu nikiwa kazini. Kila jioni nikiingia huniambia amekula nini na amelala saa ngapi, na mimi huketi karibu naye nikamshika mkono, wenye vile vidole vilivyokwisha kupona.