Vidonge Nilivimeza Vyote

Nilipoolewa, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilihamia Malindi, nyumbani kwa mavyaa wangu. Mume wangu alipakua mizigo bandarini, kwa hiyo kutwa nilikuwa na mamake. Hatukugombana, ila tulikuwa bado hatujazoeana.

Mwaka ule ule nikapata homa. Hospitali walinipima damu, wakaona malaria, wakanipa klorokwini. Mimi dawa ile ilikuwa ikiniwasha viganja, nyayo, mpaka ndani ya masikio. Nilijikuna hadi ngozi ikachubuka, lakini vidonge nilimaliza. Homa ikashuka, nikarudi jikoni. Kabla sijapata nguvu vizuri, ikarudi na matetemeko yake.

"Umevitupa," alisema mavyaa.

"Nshameza vyote, mama."

"Mimi nimelea watoto kwa vidonge hivi hivi, mwanangu. Wote walipona. Wewe umeogopa muwasho."

Nililia, na si kwa homa. Hospitali wakanipa tena vidonge vile vile, na safari hii ya pili alivishika mwenyewe. Ananipa, ananitazama nikimeza, kisha ananambia nifungue kinywa ninyanyue ulimi. Nilifanya. Muwasho ulipoanza, alinikanda miguu kwa maji ya uvuguvugu mpaka nikasinzia. Sikujua nimchukie au nimshukuru.

Homa haikutoka. Ilipofika hadi siwezi kusimama, alinipeleka hospitali mwenyewe, kanishika kwapani, buibui langu limerowa jasho. Daktari alikuwa mwanamke. Hata hajauliza kitu, mavyaa akamwambia, "Vidonge kameza. Nimeona kwa macho yangu."

"Nakuamini, bibi. Yeye hana kosa. Vijidudu ndivyo vilivyobadilika."

Akatueleza taratibu. Vijidudu vya malaria vinapozaana, mara nyengine hutokea kimoja chenye hitilafu ndogo katika maumbile yake. Dawa ikiingia, wenzake hufa. Chenyewe, kwa hitilafu ile, huitoa dawa mwilini mwake kikabaki hai, kikazaa, na vizazi vyake vikarithi. Mbu huvibeba hivyo vilivyosalimika akavipeleka kwa mtu mwengine.

"Dawa ni ile ile," alisema. "Vijidudu sivyo vile."

Nililazwa, nikatundikiwa dripu ya kwinini. Masikio yalivuma, watu wakawa kama wanasema nyuma ya ukuta, lakini nilipona.

Niliporudi nyumbani majirani walikuja kunitazama. Mmoja akauliza kama ni kweli nilikuwa navitupa vidonge, maana maneno yalishaenea.

"Mimi ndiye niliyesema," mavyaa alimjibu, "na nilimsingizia. Dawa ndiyo iliyoshindwa." Akaendelea kumimina chai. Mimi hakuniomba radhi zaidi ya hapo, wala sikuitaka.

Miaka michache baadaye klorokwini iliondolewa, ikaja dawa mseto, yaani dawa mbili kwa pamoja ili kijidudu kikiikwepa moja kikamatwe na ya pili. Binti yangu alipopata homa alipewa hiyo, akapona bila kujikuna. Mavyaa alivigeuzageuza vidonge vile vipya kiganjani.

"Na hivi vitafaa mpaka lini?" aliniuliza.

Nikamwambia sijui.