Buibui wa Fundi na Kizibao cha Mkwe

Imesemwa kwamba marehemu mume wangu aliiba kitambaa cha mkwe wake, na ndiyo maana baba wa bwana harusi alikuja harusini na kizibao bila koti. Maneno hayo yamenifikia mpaka sebuleni, tena yakiwa yametiwa chumvi. Jina la nyumba hii halikuokotwa jalalani, kwa hiyo nitaeleza yalivyokuwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa suti. Chumba chake cha kazi kilikuwa uani: cherehani, pasi ya mkaa, rafu za vitambaa vya sufu, na katika kila pembe ya dari utando wa buibui. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Wala si kwamba ufagio ulitushinda; vyumba vingine ungeweza kulia chakula sakafuni.

"Hawa ni mafundi wenzangu," alikuwa akisema, na mteja akicheka alimweleza. Nondo hutaga mayai kwenye sufu, viwavi wao wakaila. Buibui huwala nondo. Mjusi naye huwapunguza buibui. Kila mmoja ana chakula chake na ana wa kumla, ndiyo sababu hakuna anayejaa chumba kizima.

Binti yetu alipochumbiwa, mkwe, baba wa mchumba, alileta kitambaa cheusi cha sufu alichoachiwa na baba yake, ashonewe suti ya harusi. Mume wangu alikiweka rafuni kusubiri siku ikaribie. Wakati huo familia ya mchumba ikatuma habari kwamba inakuja kututembelea, na jamaa yetu mmoja akaingiwa na aibu. Wakwe waone utando? Tulipotoka kwenda sokoni, akapuliza dawa ya wadudu na kufagia dari mpaka ikang'aa.

Buibui wakaisha, mijusi wakahama kwa njaa. Wageni wakasifu usafi. Lakini viwavi walikuwa ndani ya mikunjo ya sufu, dawa haikuwafikia, na walipotoka wakiwa nondo hapakuwa na wa kuwapokea.

Harusi ilipokaribia, mume wangu alikunjua kitambaa akakuta kimekuwa chujio. Siku ile hakula. Ndugu walimshauri atafute kingine cha kufanana nacho, mkwe hatajua. Akakataa kuanza ukwe kwa uongo. Alimwita mkwe akamweleza yote, nami nimekaa pembeni nikisubiri kusikia uchumba umevunjika.

Mkwe alikiinua kitambaa kwenye mwanga, akapitisha kidole tunduni.

"Mimi niliwahi kumfukuza paka ghalani kwa sababu alikojolea gunia," akasema. "Panya walinila mahindi mpaka nikamfuata paka kwa jirani, nikamwomba radhi. Sasa fundi, hapa panatoka nini?"

"Suruali na kizibao, mkwe wangu. Koti halitoki."

"Basi shona. Koti wameshavaa nondo, nao ni waalikwa."

Alicheza na kizibao hicho kuliko vijana wote. Baadaye alituletea zawadi ndani ya kiberiti: buibui wawili wa ghalani kwake. Mume wangu aliwapokea kwa mikono miwili, akawapandisha darini mwenyewe.

Sasa wanaouliza wameacha habari ya wizi, wanataka kujua nani alipuliza dawa. Ni mtu wa nyumba hii, na alikusudia kutusitiri. Jina lake silitaji, leo wala kesho.